Fonti za nje katika mandhari ya WordPress: ziitwe mahali pamoja, zikae kwenye seva yako

Swali la msomaji: Natengeneza tovuti hapa Nairobi na sasa nashughulikia ya sacco moja, iliyojengwa kwa WordPress. Mteja anataka fonti mbili kutoka Google Fonts, moja ya vichwa na nyingine ya maandishi ya kawaida. Niliweka `@import`, amri ya kuita faili jingine, mwanzoni mwa faili la mitindo (CSS), `style.css`, na baadaye nikaongeza kiungo katika `header.php`. Kwenye kompyuta ya ofisini kila kitu ni sawa, lakini kwenye simu maandishi hayaonekani kwa sekunde kadhaa, halafu yanatokea kwa ghafla na ukurasa unaruka. Herufi nzito zinaonekana zimevimba, na majina ya matawi kama Gĩthũngũri yanachanganya herufi za sura mbili. Isitoshe, mandhari (mafaili yanayoipa tovuti sura yake) iliposasishwa, kiungo nilichoweka kilitoweka. Njia safi ni ipi?

Jibu: Ndugu yangu, umetaja kasoro tano, nazo zote zina mzizi mmoja. Fonti zimeitwa mahali pawili pasipojuana, na hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa kwamba tovuti hii inahitaji fonti fulani, za unene fulani, zenye herufi fulani. Ukipatenga mahali hapo, na ukayaweka mafaili ya fonti katika seva ileile inayohifadhi tovuti, kila kasoro itapata tiba yake bila kuharibu nyingine. Nitaanza na safari ambayo simu ya mwanachama wa sacco hupitia, kwa sababu asiyeielewa safari hiyo hubaki kunakili msimbo wa wengine bila kujua unafanya nini.

Simu inapoomba ukurasa, hupokea kwanza HTML, na ndani yake hukuta kiungo cha `style.css`. Ni baada tu ya faili hilo kufika na kusomwa ndipo kivinjari kinapogundua kwamba kuna `@import` inayoelekeza fonts.googleapis.com. Hapo huanza upya: hutafuta anwani ya kikoa hicho, hufungua muunganisho, hukubaliana na seva kuhusu usimbaji, kisha hupokea faili jingine la mitindo. Faili hilo nalo halina fonti yoyote. Lina maelezo tu ya mahali fonti zilipo, nazo zipo kwenye kikoa kingine, fonts.gstatic.com, kwa hiyo utafutaji na ufunguaji wa muunganisho hurudiwa tena. Ni kama mwananchi anayetumwa dirisha baada ya dirisha katika ofisi moja, asiambiwe dirisha linalofuata mpaka amalize foleni ya lile aliloko. Kwenye intaneti ya faiba ofisini kila foleni ni fupi mno hata huioni. Kwenye simu ya mtu aliye ndani ya matatu barabara ya Thika, mtandao ukipanda na kushuka, foleni hizo hujumlishana, na mtu anakaa akitazama ukurasa mweupe.

Vivinjari vya kisasa hujitahidi kufupisha safari hii kwa kupitia HTML mapema na kuanza kupakua viungo vinavyoonekana, lakini haviwezi kuona kilichofichwa ndani ya faili la mitindo ambalo bado halijafika. Ndiyo sababu `@import` ni njia mbaya kuliko zote za kuita fonti, na ndiyo sababu nakuomba uifute kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Kile kiungo cha `header.php` kilikuwa na nafuu kidogo upande wa kasi, ila ulikiandika ndani ya mandhari mama, na WordPress inaposasisha mandhari hubadilisha folda nzima. Chochote ulichoongeza humo hufutika. Marekebisho yako yote yawe katika mandhari mwana, yaani folda yako yenye `style.css` na `functions.php` zake, ambayo masasisho hayaigusi.

Mahali halali pa kuitia fonti ni ndani ya `functions.php` ya mandhari mwana, kwa kupitia foleni ya mitindo ya WordPress yenyewe. Faida ya foleni hiyo ni kwamba kila mwito una jina, na jina lililokwisha kusajiliwa halisajiliwi mara ya pili. Programu-jalizi (nyongeza inayowekwa ndani ya WordPress) au mandhari nyingine ikitaka kuuondoa au kuubadilisha mwito wako, inajua iushike wapi. Kama mteja anasisitiza kwamba fonti zitoke moja kwa moja kwenye seva za Google, mwito wenyewe ni huu, nikichukulia Lora kwa vichwa na Open Sans kwa maandishi ya kawaida:

```
add_action( 'wp_enqueue_scripts', function () {
    wp_enqueue_style(
        'sacco-fonti',
        'https://fonts.googleapis.com/css2?family=Lora:wght@700&family=Open+Sans:wght@400;700&display=swap',
        [],
        null
    );
} );
```

Litazame neno la mwisho, `null`, kwa makini, kwa maana limewasumbua watengenezaji wengi waliokuwa wamefanya mengine yote sawasawa. Kwa kawaida WordPress huongeza namba ya toleo mwishoni mwa anwani, na ili kuiongeza huivunja anwani na kuiunda upya. Anwani ya Google Fonts ina `family` mara mbili. WordPress ikiiunda upya, ile ya mwisho huifuta ya kwanza, na vichwa vyako hubaki bila Lora huku Open Sans ikifanya kazi vizuri. Mtu anaweza kutafuta kosa hilo mchana kutwa ndani ya CSS, na halimo humo. Ukiandika `null`, namba ya toleo haiongezwi na anwani hubaki kama ilivyoandikwa.

Katika njia hiyo ya Google inafaa pia kukiarifu kivinjari mapema kwamba miunganisho miwili itahitajika, kwa kutumia kichujio cha `wp_resource_hints` na kusajili vikoa vyote viwili chini ya `preconnect`. Kile cha fonts.gstatic.com lazima kiambatane na `crossorigin`, kwa sababu fonti huombwa kwa namna tofauti na picha au mitindo. Bila neno hilo, muunganisho uliofunguliwa mapema hautumiki na mwingine hufunguliwa.

Hata hivyo, kwa tovuti ya sacco ya Nairobi mimi nisingeziacha fonti kwa Google. Ningezipakua, nikazipunguza, na kuziweka ndani ya mandhari mwana. Najua wapo wenzetu ambao bado wanafundisha kwamba fonti ya Google huenda tayari imehifadhiwa katika kache, yaani hifadhi ya muda, ya simu ya mgeni kwa kuwa tovuti nyingine iliitumia. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli zamani. Safari ilitenganisha kache kwa kila tovuti tangu 2013, Chrome ikafanya hivyo katika toleo la 86 mnamo Oktoba 2020, na Firefox katika toleo la 85 mnamo Januari 2021. Fonti iliyopakuliwa mtu akisoma gazeti mtandaoni haitumiki tena anapofungua ukurasa wa sacco, hupakuliwa upya. Kilichobaki ni gharama ya miunganisho ya ziada, bila ile faida iliyokuwa ikiifidia.

Sababu ya pili ni faragha. Kila simu inayoomba fonti kwa seva ya nje huipa seva hiyo anwani yake ya IP. Tarehe 20 Januari 2022, mahakama moja ya Munich nchini Ujerumani iliamuru mmiliki wa tovuti amlipe mgeni wake fidia ya euro 100 kwa sababu tovuti ilipeleka anwani yake kwa Google kwa njia ya fonti bila ridhaa yake. Hukumu hiyo haina nguvu hapa Kenya, lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu kitambulisho cha mtandaoni miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu, na sacco ni taasisi inayoshika taarifa za fedha za wanachama wake. Kama kuna njia rahisi ya kutompa mtu wa nje taarifa ambazo hakuhitaji, sioni kwa nini tusiitumie.

Sababu ya tatu ni utegemezi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikawa nzito katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo. Siku kama hiyo kila seva ya nje ambayo ukurasa wako unaisubiri ni hatari moja zaidi, na faili la mitindo lililoko nje ni hatari kubwa kuliko picha, kwa sababu kivinjari hukataa kuchora ukurasa mpaka lifike au mpaka kikate tamaa. Fonti ikikaa mahali tovuti inapokaa, basi ukurasa ukifika, nayo imefika.

Kuhusu ruhusa, fonti nyingi za Google Fonts hutolewa kwa leseni ya SIL Open Font License, inayokubali uziweke kwenye seva yako. Soma faili la leseni linalokuja na fonti. Kama lina jina lililohifadhiwa, fonti utakayoipunguza inapaswa kupewa jina jingine katika mandhari yako. Lora, kwa mfano, imewahi kutolewa kwa sharti hilo. Adobe Fonts ni jambo tofauti kabisa: masharti yake hayakuruhusu kujiwekea mafaili, kwa hiyo mteja akitaka fonti ya huko, utabaki na mwito wa nje.

Sasa tuje kwenye herufi zenyewe, na hapa naomba utulie nami, kwa sababu ndipo watengenezaji wengi wa hapa kwetu wanapofuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa kwingine. Google hugawa kila fonti katika vipande kulingana na herufi: kipande cha Kilatini cha kawaida, kile cha Kilatini cha nyongeza, cha Kigiriki, cha Kisirili, cha Kivietinamu na kadhalika. Kivinjari hupakua tu kipande chenye herufi zilizomo ukurasani. Maelekezo mengi ya kujiwekea fonti husema uchukue kipande cha Kilatini cha kawaida pekee kwa kuwa ni kidogo, na kwa Kiswahili kitupu au Kiingereza ushauri huo unatosha. Lakini ĩ na ũ za Gĩkũyũ, Kĩkamba, Kĩembu na Kĩmĩĩrũ hazimo humo. Ziko katika kipande cha nyongeza, kwenye nafasi U+0129 na U+0169 kwa herufi ndogo, na U+0128 na U+0168 kwa herufi kubwa. Kipande hicho kisipokuwapo, kivinjari hakikuonyeshi kosa lolote. Huchukua herufi hizo mbili kutoka fonti nyingine iliyomo kwenye simu, na ndivyo Gĩthũngũri yako inavyopata herufi za sura mbili ndani ya neno moja. Mwanachama hataki kujua chanzo chake. Anachoona ni jina la kwao lililoandikwa kwa uzembe.

Kuna herufi nyingine ambayo hupotea kimyakimya, nayo ni ritifaa ya ng’ombe na Murang’a. Mhariri anapobonyeza ritifaa iliyonyooka kwenye kibodi, WordPress huigeuza kuwa ile iliyopinda, U+2019, kabla ya kuonyesha ukurasa. Mtu anayepunguza fonti kwa kuhesabu herufi zilizoko kwenye kibodi tu huiacha nje, na matokeo yake ni kwamba kila ng’ ya tovuti nzima hubeba alama ngeni katikati yake. Hali kadhalika alama za kunukuu zilizopinda na vistari virefu. Ukiwa na maandishi ya Kimaasai yanayotumia ɛ na ɔ, hakikisha kwanza kwamba fonti yenyewe imechora herufi hizo, kwa sababu fonti nyingi nzuri hazinazo kabisa, na hakuna upakiaji wowote utakaoziumba.

Kwa hiyo pakua fonti kamili, kisha uipunguze mwenyewe kwa kuhifadhi herufi unazozijua. Chombo ninachokiamini ni `pyftsubset`, kilichomo ndani ya fonttools ya Python. Usakinishe pia moduli ya brotli, maana bila hiyo hakiwezi kuandika WOFF2, aina ya faili la fonti lililobanwa kwa ajili ya wavuti.

```
pyftsubset OpenSans.ttf --flavor=woff2 --output-file=opensans.woff2 \
  --unicodes="U+0020-007E,U+00A0-00FF,U+0128-0129,U+0168-0169,U+2013-2014,U+2018-2019,U+201C-201D,U+2026"
```

Orodha hiyo inabeba Kiswahili, Kiingereza, Dholuo, Kisomali kwa hati ya Kilatini, na lugha nilizozitaja zenye ĩ na ũ. Jambo moja la kuangalia ni namna maandishi yenyewe yalivyochapwa: kuna programu zinazoandika ĩ kama herufi mbili, i ya kawaida na kiwimbi kinachopandishwa juu yake, na kiwimbi hicho cha pekee, U+0303, hakimo katika orodha. Ama ukiongeze, ama, na hili ndilo bora, uyasafishe maandishi ya mteja yawe na herufi moja kamili, jambo ambalo litawasaidia pia wanaotafuta majina hayo ndani ya tovuti.

WOFF2 yenyewe ndiyo aina pekee unayohitaji leo. Imekuwa pendekezo rasmi la W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 2018, hubana data kwa mfumo wa Brotli, na kwa kawaida faili lake huwa dogo kwa takribani asilimia 30 kuliko la WOFF ya kwanza. Yale mafaili ya EOT, SVG na TTF ambayo msimbo wa zamani huyapanga kwa safu hayana kazi tena, yafute.

Faili likiwa tayari, liweke katika folda ya `fonti` ndani ya mandhari mwana, na uandike tamko lake katika `mitindo/fonti.css`:

```
@font-face {
  font-family: "Open Sans";
  src: url("../fonti/opensans.woff2") format("woff2");
  font-weight: 300 800;
  font-style: normal;
  font-display: swap;
}
```

Kisha ule mwito wa `wp_enqueue_style` ubadilishe anwani yake iwe `get_theme_file_uri( 'mitindo/fonti.css' )`, na hapa unaweza kurudisha namba ya toleo badala ya `null`, kwa kuwa anwani ni yako na haina `family` mbili. Lipe neno `add_editor_style` faili hilohilo ili wahariri wa sacco waone katika ukurasa wa kuandikia sura ileile itakayoonekana na wasomaji.

Ule mstari wa `font-weight: 300 800` unajibu kasoro ya herufi zilizovimba. Nadhani uliita fonti kwa unene wa kawaida tu, 400, halafu CSS ikaagiza 700 kwa vichwa. Kivinjari kikikosa fonti nzito halisi, huinenepesha ile nyembamba kwa hesabu, na kinachotoka ni herufi zilizojaa wino ambazo mchoraji wake hakuzichora. Mlazo pia huigizwa vivyo hivyo kwa kuinamisha herufi zilizosimama. Toleo la fonti lenye unene unaobadilika hubeba nyembamba mpaka nzito katika faili moja, na tamko linapaswa kutaja mpaka wa chini na wa juu kama nilivyofanya. Ukitumia unene mmoja au miwili tu, mafaili mawili ya kawaida huenda yakawa mepesi kuliko hilo moja, kwa hiyo linganisha ukubwa kabla ya kuamua. Wakati wa kujenga, weka `font-synthesis: none` kwenye `body`: kivinjari kitaacha kuigiza, na pale unene unapokosekana utauona waziwazi.

Kuhusu maandishi yanayopotea na kurudi, uamuzi uko katika `font-display`. Bila kuitaja, vivinjari vingi huficha maandishi kwa hadi sekunde 3 vikisubiri fonti. Ukiandika `swap`, maandishi huonekana mara moja kwa fonti ya simu na kubadilishwa fonti yako inapofika, hata ikichelewa. Ukiandika `optional`, kivinjari husubiri takribani milisekunde 100, na fonti ikiwa haijafika, ukurasa huo hubaki na fonti ya simu na hakuna kubadilika. Fonti huhifadhiwa kwenye kache kwa ajili ya ukurasa unaofuata. Mimi napenda `optional` kwa tovuti ambazo watu huzifungua kwa haraka kutafuta jambo moja, kama viwango vya mikopo au saa za kufungua tawi, kwa maana mtu huyo anahitaji kusoma kuliko anavyohitaji kuona fonti ya mteja. Lakini wateja wengi hutaka sura yao ionekane tangu ukurasa wa kwanza, na hapo `swap` ndiyo maafikiano, mradi uitulize ile ruka.

Ukurasa huruka kwa sababu fonti ya simu na fonti yako hazina upana mmoja, kwa hiyo mistari hukatika mahali tofauti na kila kilicho chini husogea. Tiba ni kutangaza fonti ya akiba iliyorekebishwa ukubwa:

```
@font-face {
  font-family: "Akiba ya Open Sans";
  src: local("Roboto"), local("Arial");
  size-adjust: 105%;
}
```

Orodha ya `font-family` iwe `"Open Sans", "Akiba ya Open Sans", sans-serif`. Asilimia 105 ni ya kuanzia tu. Ibadilishe kidogokidogo mpaka aya ileile ikatike mistari mahali pamoja kwa fonti zote mbili. Mifano mingi utakayoikuta hutaja Arial peke yake, na mifano hiyo haifanyi kazi kwa wageni wako walio wengi, kwa sababu simu za Android hazina Arial. Fonti yao ya kawaida ni Roboto. Kwa hiyo Roboto itangulie. Kipimo cha Google cha kuyumba kwa ukurasa hukihesabu chema kisipozidi 0.1, na marekebisho haya pekee huweza kukurudisha ndani ya kiwango hicho.

Baada ya hapo unaweza kukiomba kivinjari kianze kupakua fonti ya maandishi ya kawaida bila kungoja CSS. Tangu WordPress 6.1 kuna kichujio cha `wp_preload_resources` kwa kazi hiyo. Taja `href`, `as` yenye `font`, `type` yenye `font/woff2`, na `crossorigin`, hata kama faili liko kwenye kikoa chako mwenyewe. Ukiliacha neno hilo, fonti hupakuliwa mara mbili, na bando la mgeni ndilo linaloumia. Anwani ilingane herufi kwa herufi na iliyomo katika CSS. Fanya hivyo kwa faili moja, au mawili ukizidisha, kwa sababu kila kinachotangulizwa hunyang’anya nafasi kingine.

Upande wa seva mambo ni machache. Mafaili ya fonti yapewe kichwa cha `Cache-Control: max-age=31536000, immutable`, na ukibadilisha fonti ubadilishe jina la faili. Kama tovuti hufunguka kwa `www` na pia bila `www`, elekeza njia moja kwenda nyingine, kwani kivinjari huzihesabu kuwa tovuti mbili na hukataa fonti ya moja itumike kwenye nyingine mpaka seva itoe ruhusa kwa `Access-Control-Allow-Origin`. Ukiona fonti zinafanya kazi ukurasa mmoja na kukataa mwingine, anzia hapo.

Kwa kuwa una `header.php`, mandhari yako ni ya mtindo wa zamani na yote niliyoeleza yanakuhusu. Ukipata kazi yenye mandhari ya bloku, fonti hutangazwa ndani ya `theme.json` chini ya `fontFamilies`, na tangu WordPress 6.5 ya Aprili 2024 kuna maktaba ya fonti katika kihariri inayopakua fonti za Google na kuziweka kwenye seva yako. Ni rahisi, ila ukiitumia, kagua kwanza kama ĩ na ũ zimo.

Ukimaliza, fungua zana za watengenezaji za Chrome, nenda sehemu ya mtandao, uchuje fonti peke yake, kisha upakie ukurasa upya kache ikiwa imezimwa. Unapaswa kuona mafaili mawili, yote kutoka kikoa cha sacco. Ukiona la tatu, au ukiona fonts.gstatic.com, basi kuna programu-jalizi inayoita fonti zake, na hii hutokea sana kwa programu za kujengea kurasa, za picha zinazopokezana na za fomu. Tafuta kwanza mpangilio wa kuzizima ndani ya programu yenyewe, kwa mfano Elementor inao. Usipoupata, tumia `wp_dequeue_style` na jina la mwito huo.

Mwisho, tengeneza ukurasa mmoja wa majaribio usiochapishwa, uandike humo Gĩthũngũri, Kĩambu, Mũkũrweinĩ, Murang’a, ng’ambo na baadhi ya majina ya wanachama wa kamati, kwa herufi za kawaida, nzito na za mlazo. Katika zana za Chrome, chagua aya yoyote na ushuke hadi chini ya sehemu ya mitindo iliyokokotolewa: hapo kivinjari hutaja fonti zilizotumika kweli na idadi ya herufi kutoka kila moja. Ikitajwa fonti zaidi ya moja kwa aya moja, kuna herufi uliyoisahau katika orodha ya kupunguzia. Ufungue ukurasa huo pia kwenye simu ya Android ya bei nafuu kwa kutumia data ya simu wala si Wi-Fi ya ofisi, na uufungue tena kila mandhari au programu-jalizi inaposasishwa.